Betri za Tata Ntumba

Ujumbe ulikuwa mfupi, na sauti ilikuwa ya Mama Béa mwenyewe: "Régine, Tata yako ameenda. Ukiweza kuya, kuya." Nilikuwa jikoni kwangu Lubumbashi, nimeshika kisu na nusu ya kitunguu, nikausikiliza ujumbe huo mara tatu, na neno lililonichoma kila mara halikuwa "ameenda". Lilikuwa "Tata yako". Tata Ntumba hakunizaa. Alikuwa mkuu wangu wa kazi, tena mwenye nyumba niliyokaa mwaka mmoja kule Kolwezi, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na ni mimi niliyemfanya afukuzwe kazi kwa kosa nililolifanya kwa mkono wangu. Nimekaa na jambo hilo zaidi ya miaka ishirini bila kumwambia mtu, hata mume wangu. Nalisema mapema ili msomaji asije akanipenda bure halafu akajuta.

Nilipanda basi asubuhi iliyofuata. Njia ya Kolwezi siku hizi ni malori ya madini mbele na malori ya madini nyuma, na abiria wote hufunika pua kwa kitambaa. Basi lilisimama Likasi, likasimama Fungurume, na kila liliposimama nilijiambia nishuke, nitafute gari la kurudi, nitume salamu za rambirambi kwa simu kama watu wengine wenye shughuli. Sikushuka. Lakini nisijipe sifa: sikushuka kwa sababu nilikuwa nimekaa dirishani na mama aliyekaa pembeni yangu alikuwa amelala na mizigo yake yote mapajani.

Nyumba yao ilikuwa, na bado iko, katika mtaa wa wafanyakazi, nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu na uwanja mdogo nyuma. Chumba nilichopewa mwaka ule kilikuwa ghala la redio mbovu za Tata Ntumba. Kwa kuwa hakutaka kuzitupa, alizisukuma chini ya kitanda changu, kwa hiyo mwaka mzima nililala juu ya redio, na nikigeuka usingizini kitu fulani kilijibu kwa kutikisika ndani ya mojawapo. Dirisha lilitazama mahali Mama Béa alipoweka mbabula yake, jiko la makaa, na kila lililosemwa pale liliingia kwangu pamoja na moshi. Ndivyo nilivyojua kwamba Mama Béa aliniona mwembamba mno, kwamba Tata Ntumba aliniona mbishi lakini mwenye macho, na kwamba wote wawili walikuwa wamekubaliana nisiambiwe lolote kati ya hayo.

Tulikula pamoja kabla giza halijaingia, tukinawa katika beseni moja la bati. Mama Béa alipika bukari kwa kuchanganya unga wa muhogo na wa mahindi, jinsi watu wa Kasai wanavyoipenda, na matembele kutoka shamba lake la bondeni, na ndagala, dagaa wetu, akizipata. Kabla sijatia tonge la kwanza mdomoni Tata Ntumba aliniuliza swali lake. Aliniuliza hivyo kila jioni, tangu siku ya kwanza ya kazi. "Leo uligusa nini?" Ilinibidi nitaje kila kitu, kwa utaratibu, kuanzia asubuhi. Nilibadilisha fyuzi ya pampu ya tatu, Tata. Nilifungua kabati la nyaya, nikalifunga. Nilisogeza kiti. "Njo yote?" angeuliza, yaani, je, ndiyo yote. "Njo yote, Tata." "Bon. Kula." Siku moja ya mwanzo nilimjibu kwamba sikugusa kitu, akacheka mpaka akakohoa. "Mutu wa kazi hawezi kukosa kugusa kitu," akasema. "Hata kama ni bouton moja. Rudia, uanze mwanzo." Bukari ilipoa na Mama Béa akamkazia macho yeye, siyo mimi. Nilidhani ni uzee. Sasa ninaowafundisha kazi ninawauliza swali lile lile, nao wanadhani ni uzee wangu.

Usine yetu, kiwanda chetu cha madini, haikuwa ile kubwa ya upande wa Kingamyambo. Ilikuwa ndogo, haipo tena, na jina lake sitaliandika. Tuliosha upya mchanga wa mabaki uliotupwa na wachimbaji wa zamani, tukatoa ndani yake shaba na kobalti waliyoiacha. Maji yaliyobaki yalikuwa na asidi, nayo yalikaa kwanza katika bwawa lenye kuta za udongo yakingoja kusafishwa. Kompyuta moja, katika chumba kimoja chenye feni, ilipima kina cha bwawa hilo mchana na usiku na kuongoza pampu. Maji yakifika mita tatu na sentimita ishirini, ilipiga king'ora. Ukuta uliishia mita nne. Programu iliyofanya yote hayo aliiandika Tata Ntumba. Maandishi yake ya asili, yale ambayo binadamu anaweza kuyasoma na kuyarekebisha, yalipotea na kompyuta iliyoibwa ofisini kabla sijafika. Tulibaki na faili lililokwisha kugeuzwa lugha ya mashine, safu za namba tu. Ukitaka kujua inafanya nini, ilibidi uisome ikiwa inatembea, ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, kwa programu nyingine ya uchunguzi inayoweza kuishika bila kuisimamisha kwa muda mrefu. Kazi hiyo ndiyo aliyonifundisha, na ndiyo imenilisha mpaka leo.

"Ku disque, fichier ni nguo yenye balikunja mu malle," alisema siku ya kwanza, akinionyesha kwa shati lake mwenyewe jinsi nguo inavyokunjwa sandukuni na inavyovaliwa. "Mu mémoire, banaivaa. Mukono ya shati haiko tena fasi ilikuwa mu malle. Basi usitafute mukono mu magoti." Nilijifunza kwamba faili la namna ile huanza na herufi M na Z, kwamba ukihesabu hatua sitini kutoka hapo unakuta namba inayokuambia kichwa cha kweli kiko wapi, kwamba kichwani kuna P na E, na baada yake jedwali la sehemu za programu, amri huku, namba za kudumu kule. Kila sehemu ina anwani mbili, moja ya kwenye diski na moja ya kwenye kumbukumbu, na mwanafunzi daima husoma ile isiyohusika. Miezi miwili nilisoma isiyohusika. Tata Ntumba hakufoka. Aligonga meza kwa kidole na kusema, "Magoti," nami nikaanza tena. Alinifundisha pia kwamba programu iliyo kwenye diski na ile inayotembea hazifanani neno kwa neno, na si kila tofauti ni kosa. Ikipakiwa mahali pengine, mashine yenyewe husahihisha anwani zake. "Kwanza utoe tofauti zenye machine ilifanya," alisema. "Zenye zinabaki, ni mutu."

Hapa lazima nieleze tabia yetu ya kazi, maana bila hiyo kosa langu halieleweki. Bwawa la umeme la Nzilo liko jirani kabisa, lakini umeme ulikatika mara mbili tatu kwa juma, na tulizoea kusema kwamba unatupita juu ya vichwa kwenda kuwasalimia wengine. Kila ulipokatika, kompyuta ilizima, na uliporudi iliisoma programu upya kutoka kwenye diski, safi kama siku ya kwanza. Basi mtu akitaka kubadilisha namba kwa muda mfupi, hakugusa faili la diski. Aliibadilisha kwenye kumbukumbu, akamaliza haja yake, akaondoka. Hakuna aliyerudi kuisahihisha. "Courant itasafisha," tulisema, yaani umeme ukikatika utasafisha, na kweli ulisafisha. Tata Ntumba aliichukia tabia hiyo. Tena aliogopa zile dakika ambazo bwawa lilibaki bila mlinzi. Kwa hiyo mwaka ule, mvua zilipoanza, alileta betri mbili kubwa za malori yaliyokufa, alizozifufua mwenyewe uwanjani kwake, akaziunga na kompyuta ili umeme ukikatika isizime. Mimi nilishika nyaya. Nati ya mwisho niliikaza mimi. Jioni aliponiuliza nimegusa nini, nilijibu nikijivuna: "Batteries, Tata." Mama Béa akaniongezea ndagala.

Juma lililofuata alikwenda Mutshatsha kumzika shemeji yake, akakaa siku nne. Siku ya pili king'ora kilianza kulia asubuhi na hakikunyamaza. Maji yalikuwa chini. Ile fimbo ya kupimia ndiyo iliyoganda povu na matope, ikadanganya. Dawa yake ilikuwa mtu ashuke na brashi akaioshe, lakini mvua ilikuwa inanyesha na hakuna aliyetaka. Ilunga, mkuu wa zamu, akaja mlangoni akiwa ameziba sikio moja. "Mademoiselle, ii kitu inatuuwa. Batu banashindwa kusikilizana. Uinyamazishe kidogo tu, kesho tutaosha fimbo." Nikakaa. Nikaishika programu, nikasoma M na Z, nikahesabu hatua sitini, nikafuata kichwa mpaka kwenye jedwali, nikachukua anwani iliyohusika bila kukosea hata mara moja, na nikaikuta namba: mia tatu na ishirini. Nikaandika mia nne na ishirini juu yake. King'ora kikakata katikati ya sauti. "Eh, weye ni mwana wa Ntumba kweli," Ilunga akasema, nami nikafurahi hadi masikio yakawaka. Sikuandika kitu katika daftari la kupokezana zamu, kwa sababu kurasa zote zilikuwa na mwandiko wa Tata Ntumba na niliona haya kuandika pale jambo analolichukia. Courant itasafisha. Jioni ile hakuna aliyeniuliza nimegusa nini. Mama Béa aliuliza tu kama nimelowa.

Kesho yake fimbo ikaoshwa. Siku mbili baadaye Tata Ntumba akarudi na tuliendelea na kazi. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, na kompyuta haikutikisika, kwa sababu betri zile alizitengeneza kwa mikono inayojua kazi. Ndani yake king'ora kilikuwa kinangoja maji yafike sentimita ishirini juu ya ukuta.

Yalifika ukingoni mwa ukuta juma la pili, asubuhi, baada ya mvua ya siku tatu mfululizo. Hakuna aliyesikia kitu. Maji yalipita juu ya ukuta, yakaumega upande mmoja, yakashuka na kijito mpaka kwenye mashamba ya akina mama bondeni. Hakufa mtu. Huwa najiambia hivyo, na ni kweli, lakini ilipofika saa sita mchana lengalenga yote, mchicha wetu, ilikuwa imelala kama iliyomwagiwa maji ya moto, na kabichi, na muhogo. Wanawake walipanda mpaka kwenye lango la usine wakiwa na mabeseni ya mboga zilizokufa, wakayamwaga pale, moja baada ya jingine. Mama Béa alikuwa kati yao. Shamba lake lilikuwa la tatu kutoka kijitoni. Alikuwa amevaa bado mabuti ya mumewe, na aliponiona ndani ya lango alinipungia mkono nisitoke, nisije nikakanyaga asidi na viatu vyangu vyepesi.

Wakubwa walikuja, wakafungua faili kwenye diski, wakakuta mia tatu na ishirini, kama inavyopaswa. Wakasema: namba ni nzuri na king'ora hakikulia, basi programu yenyewe ni mbovu, na aliyeiandika anajulikana. Siku hiyo hiyo Tata Ntumba alikatazwa kuingia chumba cha kompyuta. Kwenye lango nilisikia wafanyakazi wakisema, "Huyu Mukasai," kwa sauti ambayo watu wa Kolwezi wa umri wangu wanaijua tangu watu wa Kasai walipofukuzwa kwa treni, na hawakunyamaza nilipopita. Nyumbani nilijifungia chumbani. Tata Ntumba na Mama Béa walikuwa kwenye mbabula, chini ya dirisha langu. "Béa, banataka kunifukuza mara ya pili," alikuwa anasema. "Ile ya kwanza, yenye balitupakia mu train, mi na bazazi, ilikuwa juu ya kabila. Ile sikuikosea. Hii banasema ni kazi yangu." Mama Béa akasema kazi yake aijue yeye. "Njo sasa siijui," akajibu. "Nimeirudilia yote mu kichwa. Siijui fasi nilikosea." Nilikuwa nimekaa kitandani, redio zote chini yangu. Ningeweza kuinua pazia na kusema. Ilikuwa hatua moja.

Alinigongea baadaye kidogo, jua halijazama. "Machine ingali inawaka?" Nikasema inawaka. "Hawajaizima hata mara moja tangu mvua?" Hapana, Tata. Uso wake ulifunguka, na huo ndio uso ninaouona mpaka leo nikifumba macho. "Basi iko na jibu. Bao balisoma ile ya ku disque. Ile haikuwa kazini, ilikuwa inalala mu malle. Uende usome yenye inatembea, section kwa section, ulinganishe. Utoe tofauti za machine. Yenye inabaki, uniletee." Akaniweka mkono begani. "Na usiizime, Régine. Ukiizima, nimekufa."

Nilikwenda. Nataka kueleza kwamba nilikwenda nikiwa na nia ya kusema ukweli, na pengine ni kweli mpaka nilipofika mlangoni. Feni ilikuwa inazunguka, kikombe cha Tata Ntumba kilikuwa bado juu ya meza na chai kavu ndani. Nilisoma kila sehemu kama alivyonifundisha. Katika amri, tofauti zote zilikuwa anwani zilizosahihishwa na mashine yenyewe. Katika namba za kudumu kulikuwa na tofauti moja tu. Mia nne na ishirini. Ilikuwa pale, wazi, ushahidi mzima wa kumwokoa mtu, na ungesomwa na yeyote kati ya wale wakubwa kama ningewaita. Niliuangalia kwa muda mrefu. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika idara ile, nina miezi tisa kazini, na akilini niliwaona akina mama wakiyamwaga mabeseni langoni, safari hii mbele yangu. Niliogopa. Sina neno jingine zuri zaidi. Nikanyoosha mkono chini ya meza na kukishika kidude cha kuzimia, na ilinibidi nikibane mwenyewe, maana betri zilikuwa zimejaa na mashine isingezimika bila mkono wa mtu. Feni ya kompyuta ikapunguza mwendo, ikasimama. Nikaiwasha tena, na programu ikaamka na mia tatu na ishirini yake, haina hatia, haijui kitu.

Mezani kulikuwa na bukari na chumvi na pilipili, kwa kuwa shamba halikuwapo tena. "Tata, nilikuta courant ilienda," nikasema. "Machine ilijiwasha upya. Mu mémoire hamukuwa tena kitu." Alikuwa na tonge kati ya vidole, ameshalitia shimo kwa dole gumba. Hakulichovya. "Courant ilienda," akasema. Ndiyo, Tata. Mama Béa alimwangalia yeye, akaniangalia mimi. Taa ilikuwa juu ya vichwa vyetu na inawaka. "Bon," akasema Tata Ntumba. "Kula."

Alifukuzwa kabla juma halijaisha, nami nikapewa kiti chake na kikombe kikiwa bado juu ya meza. Nilikaa nyumbani mwao miezi minne zaidi, kwa sababu niliona nikihama upesi itaonekana. Yeye aliweka meza mbele ya nyumba, akatengeneza redio, na kwa zile betri mbili, alizokwenda kuzichukua usine kwa ruhusa, aliwachajia wachimbaji taa zao za kichwani. Wachimbaji walimpenda, walimwita Tata Courant. Na kila jioni, ingawa hakuwa tena mkuu wangu, aliendelea: "Leo uligusa nini?" Nilimjibu kwa makini kuliko zamani. Nilitaja nyaya, nilitaja pampu, nilitaja jinsi nilivyoshuka mwenyewe kuosha fimbo kila asubuhi, inyeshe isinyeshe. "Njo yote?" "Njo yote, Tata." Kulikuwa na jioni ambazo Mama Béa aliitua sahani yangu mezani kwa kishindo, nikadhani amechoka. Baadaye nilipata kazi Lubumbashi. Kila mwaka mpya nilimpigia simu, na kila mwaka mpya, baada ya salamu, aliniuliza swali lile. Nilicheka na kumtajia watoto na mkasi wa kukatia majani. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema bon. Mara ya mwisho ilikuwa miezi michache iliyopita, na sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa, lakini aliuliza.

Nilipofika matangani uwanja ulikuwa umefunikwa turubai na viti vimejaa. Wazee wa Kasai waliamkiana kwa salamu yao ya "Moyo". Kulikuwa na wachimbaji wa zamani, wenye nywele nyeupe sasa, na wafanyakazi wa iliyokuwa usine yetu, kati yao Ilunga na fimbo ya kutembelea. Nikiwa napita nilisikia mmoja akimweleza kijana: mutu muzuri sana, lakini ni programme yake ile yenye ilitapika maji mu mashamba. Alisema bila ubaya, kama mtu anayeeleza marehemu alikuwa mfupi. Nikaingia ndani. Mama Béa alikuwa kwenye mkeka katika chumba kilichokuwa changu, kitambaa cheusi kichwani, na akawaambia wanawake wengine watupishe kidogo.

Nilimweleza yote, au nilidhani ni yote: Ilunga na king'ora, mia nne na ishirini, kidude chini ya meza. Hakulia wala hakushtuka. Alinyoosha kitenge chake magotini.

"Alijua," akasema. "Toka ile mangaribi. Courant iende, isiende, ile machine haingezima. Yee njo aliweka batteries. Kesho yake alienda kuzichukua, akazipima hapa inje, akanikuta mu cuisine. Akaniambia, Béa, ziko bien. Akaikala chini."

Nilimuuliza kwa nini hakusema kwa wakubwa.

"Nilimulilia aende. Akakatala. Akasema, bakifukuza Régine, nani atabaki mwenye kujua kusoma ile machine? Maji itarudia mu mashamba yenu. Mi balishanifukuza. Yee abaki. Atasema yee mwenyewe." Akakaza kitambaa chake kichwani. "Njo alikuwa anakuuliza. Kila mangaribi, na ku téléphone. Akimaliza alikuwa ananiambia, bado."

Nikaanguka magotini mkekani, nikataka kumshika miguu, akaivuta.

"Mi nilikukasirikia, Régine. Bukari nilikupikia juu yee alisema nikupikie. Na sasa ningali na hasira, nisikudanganye. Usiniombe pardon mu chumba. Batu beko inje."

Nilitoka. Msomaji wa maombi alinipa nafasi, akidhani naleta rambirambi za Lubumbashi. Nilikuwa nimepanga kueleza kuhusu diski na kumbukumbu, na namna faili linavyokunjwa na kuvaliwa, ili waelewe, lakini yote yalinikimbia. Nikasema kwamba Tata Ntumba alikuwa akiniuliza kila jioni leo nimegusa nini, na kwamba nimekuja kumjibu. Niligusa namba ya king'ora, akiwa Mutshatsha. Niligusa kidude cha kuzimia, ili isijulikane. Programu yake haikuwa na kosa hata moja, si siku ile wala siku nyingine. Ilunga aliangalia viatu vyake. Sikumtaja, maana mkono ulikuwa wangu. Turubai lilipigwapigwa na upepo, na mzee mmoja akavua kofia. Nilidhani nimemaliza, nikaanza kukaa.

"Njo yote?"

Alikuwa mlangoni, Mama Béa, ameshikilia fremu ya mlango. Niliangalia chini, na lile ambalo sikuwa nimelisema hata chumbani, hata moyoni kwa maneno kamili, likapanda.

"Hapana, Mama," nikasema. "Iko moja bado." Nikawaambia kwamba siku ya tatu baada ya kuibadilisha ile namba, ile mvua ya siku tatu haijaanza, nilikuwa nachana nywele kwenye dirisha lile pale, nikaikumbuka. Nikakumbuka na betri. Usine ilikuwa mwendo wa robo saa, na viatu vyangu vilikuwa mlangoni, na niliendelea kuchana nywele.